Haji Hakuja kwa Kipimo cha Sukari

Wanangu, mtu akiingia kituo cha afya akauliza kipimo cha sukari huku macho yako mlangoni, jueni hakuja kwa sukari. Hilo sikulisoma popote. Nimelijua kwa kukaa miaka thelathini na moja nyuma ya meza moja, kwenye kituo kidogo cha Mji Mkongwe, nikitoboa vidole vya watu na kusikiliza wanayoshindwa kuyasema kwao. Kazi yangu iliitwa ushauri nasaha na upimaji. Mitaani wakinita Bi Zuhura wa damu.

Nshastaafu sasa. Lakini kila nikikutana na nyinyi vijana mnaoanza kazi hii, au nyinyi mnaokaa na khofu zenu majumbani mkitafuta majibu kwenye simu, moyo unanidunda nataka kusema. Basi leo nitakusimulieni habari ya Haji na Salma. Majina nimeyabadilisha. Wenyewe nimewaomba ruhusa, na Salma kanijibu, "Sema, Bi. Ila usiniseme mnene."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, saa nane unusu mchana. Sisi tunafunga saa tisa. Nimeshatia vifaa vyangu kwenye kabati, nafikiria mchuzi wa pweza nilioacha nyumbani, akaingia kijana mrefu, mikono ina mafuta ya mashine, funguo ya vespa anaizungusha kidoleni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nataka kupima sukari."

Nikamtazama. Umri wake kiasi miaka ishirini na sita, mwembamba kama mwiko, jasho linamtoka na feni linazunguka. N'kamwambia akae. Nikafunga mlango, nikavuta kiti nikakaa upande wake, si mbele yake. Ukikaa mbele ya mtu na meza katikati, unakuwa hakimu. Ukikaa upande wake, mnakuwa watu wawili mnaotazama jambo moja.

"Sukari ntakupima," n'kamwambia. "Kuna jengine?"

Akatazama mlango, akasema kwa sauti ndogo, "Bi, mpira ulipasuka."

Haji alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi kwenye hoteli moja ya Kiwengwa. Siku ya Ijumaa alikutana na mwanamke mmoja wa kazini kwake, ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha na kesho yake akaondoka kisiwani. Walikuwa na mpira wa kiume, wakautumia, ukapasuka, na wakagundua baadaye. Tangu hapo Haji hajalala. Alikuwa amesoma kwenye simu mpaka macho yamemvimba, na kila alilosoma lilikuwa baya kuliko la mwanzo. Kituo cha karibu na kazini hakwenda, kwa sababu anayepokea wagonjwa pale ni shangazi yake. Akapanda vespa yake mpaka mjini, ambako hamjui mtu.

"Na mbaya zaidi," akasema, "naoa. Mwezi ujao. Salma, wa Jambiani. Karatasi za mwaliko zishatoka."

Mimi harusi sikuisikia hata kidogo. Nilikuwa nahesabu.

"Ijumaa saa ngapi?"

"Kabla ya magharibi. Saa kumi na moja hivi."

Nyinyi mnaoanza kazi, shikeni swali hilo kabla ya maswali mengine yote. Usiulize na nani, usiulize kwa nini. Uliza lini. Kuna dawa zinazoitwa dawa kinga. Mtu aliyekutana na hatari ya virusi vya Ukimwi akianza kuzinywa ndani ya saa sabini na mbili, na akazimaliza siku ishirini na nane, ana nafasi kubwa sana ya kuepuka. Na msinisikie vibaya: sabini na mbili ni ukingo wa shimo, si mahali pa kupumzikia. Anayekuja saa ya pili ana heri kuliko anayekuja siku ya pili. Haji zilikuwa zimembakia saa mbili unusu.

Damu ilinichemka, nakwambieni kweli. Na ilikuwa na sababu.

Miaka mingi kabla ya hapo, dawa hizo ndiyo kwanza zimeanza kutolewa, alinijia msichana mmoja siku ya pili baada ya jambo kama hilo. Badala ya kumuuliza lini, nilimuuliza aliwaza nini. Nikampa khutba. Nikamtajia mama yake, nikamtajia heshima, nikamtajia na akhera. Alilia, akainuka, akaondoka. Sikumfuata. Alirudi baada ya miezi minne, nikampima mwenyewe, na jibu likawa lile. Akaniambia kwa upole, "Bi, siku ile nilikuja kutaka dawa. Ulinipa maneno." Yuko hai, ana afya, ana duka lake la vitambaa, na tukionana tunaamkiana vizuri. Lakini neno lile sijalitua mpaka leo.

Kwa hiyo Haji hakupata khutba. Nilimpima kwanza, kwa sababu dawa kinga hapewi aliye na virusi tayari. Kidole, tone moja, dakika kumi na tano. Nyinyi mnaona kawaida. Mimi nilipoanza, damu tulikuwa tunaitoa mkononi, inatiwa chupani, inapelekwa maabara kubwa, na mtu anasubiri wiki mbili. Wiki mbili, wanangu. Nimewaona watu wakikonda kwa kusubiri tu, halafu jibu linakuja wako salama.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa marehemu Mzee Khatibu, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye suti ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa wakati kipimo kinasubiriwa, uso wa mpimaji ndio unaosomwa. "Zuhura," akiniambia, "uso wako ufunge kama duka siku ya Ijumaa wakati wa sala. Mtu akipita asijue ndani kuna nini." Nilijizoeza mbele ya kioo. Mume wangu akidhani nimenuna.

Jibu la Haji likatoka: hana. Akashusha pumzi, akaanza kuinuka.

"Kaa," n'kamwambia. "Hili linanambia habari za miezi iliyopita. La Ijumaa bado halijui. Tunataka dawa sasa hivi."

Nikaenda kabatini. Kopo la mwisho la dawa kinga lilikuwa limechukuliwa Jumamosi na muuguzi aliyejichoma sindano, na mengine yalikuwa yaje Jumatano. Nikapiga simu kituo chengine, nje ya mji, njia ya kwendea Mwera. Mfamasia akaniambia dawa anazo, ila funguo anayo yeye na saa tisa unusu anaondoka, kuna maziko kwao.

"Nisubiri," n'kamwambia. "Nakuja na mtu wangu."

"Bi Zuhura, maziko hayasubiri."

"Maiti hana haraka, mwanangu. Huyu nnaye hapa ndiye mwenye haraka."

Akasema atakaa mpaka saa kumi kamili.

Utauliza kwa nini nisimpe Haji karatasi tu akenda mwenyewe. Ningeweza. Lakini nimeona watu wengi wakitoka na karatasi mkononi wasifike wanakokwenda. Khofu ina njia nyingi za kumpoteza mtu. Nikafunga kituo, nikakaza ushungi, nikapanda vespa nyuma ya Haji, mimi mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye goti bovu. Buibui nililifunga kibwebwe lisiingie kwenye gurudumu. Tukatoka kwenye vichochoro taratibu, tukavuka Darajani, tukafika Michenzani, na hapo Haji akaifungulia. Upepo ulinipiga usoni nikajisikia msichana. Mungu anisamehe, kijana yule alikuwa anakwenda kuokoa maisha yake na mimi nilikuwa nafurahi.

Pale Amani askari wa barabarani akatusimamisha.

"Bi, kofia iko wapi?"

Kofia ngumu ilikuwa moja, na alivaa Haji.

"Mwanangu, nisamehe. Nampeleka mgonjwa."

Askari akatazama nyuma yangu, akatazama barabarani. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Ndo huyu anayeendesha."

Akamtazama Haji, uso umemkauka. Sijui aliona nini. Akarudi nyuma hatua moja. "Nendeni. Lakini Bi, ukirudi panda gari."

Tulifika saa kumi kasoro dakika nane. Mfamasia amesimama mlangoni na kanzu ya maziko, funguo mkononi. Haji alimeza kidonge cha kwanza pale pale dirishani, kwa maji ya chupa ya mfamasia, saa kumi kamili. Ilibaki saa moja. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka, na nusura nipige kigelegele.

Hiyo ndiyo sehemu ya mbio. Sasa inakuja sehemu ya subira, na wengi hushindwa hapa.

Kidonge kimoja kwa siku, siku ishirini na nane, bila kuruka. Siku ya nne Haji alinipigia simu anataka kutapika. Siku ya sita ana kizunguzungu. N'kamwambia ale kwanza, halafu ameze, na ameze akienda kulala badala ya asubuhi akiwa juu ya ngazi na kiyoyozi begani. "Fungamanisha na Isha," nilimwambia. "Ukitoka msikitini, unakula, unameza." Mtu husahau saa ya simu, lakini adhana inampigia kelele hata asipotaka. Watu wa dini nyengine nao niliwatafutia kitu chao: taarifa ya habari, mwito wa chakula, kuzima taa ya dukani. Dawa lazima uifunge kwenye kitu ambacho tayari kimesimama katika siku yako.

Siku ya kumi akaja mwenyewe kituoni, amekonda, ana mfuko. Akautoa juu ya meza. Alikuwa amenunua vipimo vitatu vya kujipima mwenyewe, vile vya kufuta ufizi, kwenye maduka matatu mbalimbali ya dawa. Vyote amejipima kwa siku moja.

"Vyote vinasema sina, Bi. Lakini siviamini."

"Na hata vingesema unavyo ungeviamini?"

"Hapo ningeamini."

Nilicheka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Basi nikamweleza, na nyinyi pia sikilizeni. Kipimo hicho hakimtafuti mwizi. Kinawatafuta askari ambao mwili umewatuma kupambana na mwizi. Askari hawatoki siku ya pili, wala ya kumi. Kupima mapema ni kupoteza kipimo na kujitesa. Na unapokuwa unakunywa dawa kinga, subiri umalize. Haji nilimpangia kupima wiki sita baada ya ile Ijumaa, na mara ya mwisho miezi mitatu baadaye. Kati ya hapo, asikutane na mtu bila kinga.

"Na harusi?" akaniuliza.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Harusi ilikuwa baada ya wiki tatu.

"Mambo mawili tu," n'kamwambia. "Umwambie, au uiahirishe kwa sababu nyengine. Kumuoa na kunyamaza, hilo mimi siwezi kukusaidia."

Akasema Salma si msichana wa kuchezewa. Alikuwa mwalimu wa skuli ya watoto wadogo kule Jambiani, mjane wa miaka ishirini na minne. Mume wake wa kwanza alikuwa akisafiri kwa kazi za meli, akarudi mgonjwa, akafa kwa kifua. Salma akakaa eda, akarudi kwao, na miaka miwili hakutaka kusikia habari za mume, mpaka Haji alipokwenda skulini kwao kutengeneza friji la maziwa ya watoto.

Tulifanya mazoezi mimi na yeye pale kituoni. Mimi nikawa Salma. Mara ya kwanza alizunguka dakika kumi anasema habari za kazi. Mara ya pili akaanza kuapa. Mara ya tatu n'kamwambia, "Sema sentensi tatu tu. Nimefanya nini. Nimechukua hatua gani. Nakuachia wewe uamuzi. Halafu funga mdomo."

Akenda Jambiani Ijumaa iliyofuata. Walikaa barazani kwa bibi yake Salma, mbele za watu kama inavyotakiwa, wanazungumza kwa sauti ndogo huku bibi anachambua mchele karibu yao. Alisema sentensi zake tatu. Salma hakulia, hakupiga kelele. Alisema, "Nenda, Haji. Ntakupigia mwenyewe."

Siku tisa simu haikulia. Katika siku hizo tisa Haji aliendelea kumeza dawa yake kila baada ya Isha, ingawa hakujua anamezea harusi ipi. Kwa hilo nilimheshimu. Siku ya kumi Salma akapiga. Alikuwa ameshawaambia wazee wake kuwa harusi isogezwe, nyumba ya kukaa haijawa tayari. Kwa Haji alisema maneno machache: "Maliza dawa. Siku ya kipimo cha mwisho ntakuja na wewe."

Dawa akamaliza. Wiki sita akapima, hana. Ikabaki ile ya miezi mitatu.

Siku hiyo nilifika kituoni mapema kuliko mfagiaji. Nilikuwa na hamu kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Wakaja wote wawili, Haji mbele, Salma nyuma yake, mwanamke mdogo wa umbo, macho makubwa matulivu. Haji akaingia peke yake kwanza, ndio utaratibu. Tone moja. Dakika kumi na tano ambazo hazikuwa na mwisho. Uso wangu nimeufunga kama alivyonifundisha Mzee Khatibu.

Msitari mmoja. Hana.

Hapo nilifungua duka. Nilimshika mikono yote miwili nikamtikisa. Haji machozi yanamtiririka, anacheka. Akatoka mbio kwenda kununua maji ya miwa ya watu wote kituoni, mpaka mlinzi.

Salma akabaki mlangoni. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akakaa.

"Na mimi nipime, Bi."

N'kamuuliza kama ana sababu ya wasiwasi.

"Marehemu mume wangu," akasema. "Walisema kifua. Miaka mitatu sasa najua kuwa sijui. Kila nikitaka kuja, miguu inakataa. Haji alipokuja kuniambia yake, nilikasirika. Halafu nikaona haya. Yeye wa siku tatu kakimbia kupima, na mimi wa miaka mitatu nimekaa."

Nikampima. Kipimo cha kwanza kikatoa misitari miwili. Neno halitolewi kwa kipimo kimoja, wanangu, hata kama moyo wako unajua. Nikafanya cha aina ya pili, kikasema vile vile. Nje nilisikia Haji anagawa maji ya miwa, anamtania mlinzi. Uso wangu niliufunga kwa nguvu zangu zote, lakini nikaangusha kalamu.

Nikavuta kiti upande wake, nikamwambia kwa maneno mepesi, kwa sababu maneno mazito hapo yanamwangukia mtu. "Salma, una virusi. Dawa zake ziko hapa, tunaanza leo, na utaishi."

Alikaa kimya. Nami nikakaa kimya. Kunyamaza na mtu ni nusu ya kazi hii, na hakuna anayekufundisha.

Nikamwambia kuwa jibu ni lake, sitamwambia mtu, wala Haji, mpaka atake mwenyewe.

"Mwite," akasema. "Yeye alinambia yake. Na mimi namwambia yangu."

Haji akaingia na bilauri mbili za maji ya miwa. Salma akazisema sentensi tatu, nyengine, lakini tatu. Amekutwa na nini, ataanza dawa leo, na uamuzi ni wa Haji. Halafu akafunga mdomo. Bilauri zile Haji alizishika mpaka barafu ikayeyuka. Mimi nilikuwa natazama ukuta. Mara mbili nilitaka kusema kitu, na mara mbili nikajiuma ulimi.

Mwisho Haji akaniuliza mimi, si Salma. "Bi, akinywa dawa, itakuwaje?"

Hapo moyo wangu ulipanda, kwa sababu nina jibu. Wakati ninaanza kazi sikuwa nalo. Mzee Khatibu alikufa hana jibu hilo. Nikamwambia: mtu mwenye virusi akinywa dawa zake kila siku kwa uaminifu, vinafubaa, vinapungua mpaka mashine haivioni kwenye damu. Na vikifika hapo na vikabaki hapo, hamwambukizi mwenzake kwa kitanda. Hamwambukizi. Na akishika mimba akiwa kwenye dawa, na mtoto akapewa zake, mtoto anazaliwa salama kwa uwezekano mkubwa kabisa. Nilisema kwa haraka, nikarudia, nikachora kwenye karatasi. Salma alikuwa ananitazama kama mtu anayesikia lugha aliyoisahau.

Haji akanywa funda moja la maji ya miwa. "Kumeza baada ya Isha mimi nshakuwa fundi," akamwambia Salma. "Ntakukumbusha."

"Sijasema kama nakuoa," Salma akasema.

"Mimi sijauliza. Nimesema ntakukumbusha."

Wakaondoka, na mimi nikafunga mlango nikalia kidogo, sijui kwa huzuni au kwa nini.

Na kweli akamkumbusha. Kila usiku simu, "Nshakula, nshameza, na weye?" Miezi sita baadaye majibu ya wingi wa virusi yalirudi, karatasi moja nyembamba, imeandikwa kuwa havionekani. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Nikampigia simu Salma akiwa darasani, nikasikia watoto wanaimba nyuma yake. Alisema, "Bi, subiri." Akatoka nje. Nikamsomea. Akasema, "Haya. Mwambie fundi alete posa upya." Nikamwambia mimi si mshenga, amwambie mwenyewe.

Walioana Jambiani. Nilialikwa nikenda, nimekaa na wanawake kama jamaa wa mbali wa mjini, na mtu akiniuliza namjua vipi bibi harusi nilisema tulikutana kwenye kazi. Hilo nalo ni somo. Ukikutana na mtu uliyempima sokoni au harusini, usimsalimie mpaka akusalimie yeye. Wakati mmoja, nikiwa mgeni kazini, nilimuuliza mama mmoja pale Darajani, "Dawa vipi, zinakukubali?" Alikuwa na wifi yake. Sikumuona tena kituoni, ikabidi Mzee Khatibu amtafute kwa siri mwezi mzima, na mimi akaninunia mwezi mzima.

Mwaka wa pili Salma akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alipimwa alipozaliwa, akapimwa tena baadaye, na kila mara majibu yalikuwa mazuri. Lakini kipimo cha kufungia kazi ni cha miezi kumi na minane, baada ya kuacha kunyonya. Miezi hiyo kumi na minane ilitimia wiki yangu ya mwisho kazini. Msimamizi wangu alishaniambia nipumzike, nisaini makaratasi tu. N'kamwambia kuna mtu mmoja bado sijampima.

Walikuja saa nne asubuhi. Mtoto ana hereni ndogo na kofia ya kufuma, anatembea anaanguka. Haji kashika mguu, Salma kashika mkono, mimi nikamtoboa kidole, akalia kilio cha hasira kituo kizima kikasikia. Halafu tukangoja. Mtoto alishasahau, anavuta droo ya meza yangu.

Msitari mmoja.

Niliwageuzia kipimo waone wenyewe. Haji akasema, "Soma wewe, Bi, mimi siamini macho yangu." Nikasoma. Akataka nisome tena. Salma akamwambia, "Mwache apumue." Lakini yeye mwenyewe hakuondoa macho yake pale. Tukasimama watu wazima watatu tumeinamia kijiplastiki kidogo kuliko kidole, kama watu wanaotazama mwezi mwandamo, mpaka yule mtoto akachoka na sisi, akapanda kwenye kiti, akanyoosha mkono akanivua miwani. Nikamwachia.